Wageni Wasionawa

Jumatano, 18 Februari 2026

Majivu bado yako usoni. Sijayaosha. Katekista alitupaka alfajiri, nikatembea nayo mpaka shule, mvua ya njiani ikaacha kidogo tu juu ya nyusi. Nimechoka. Kufunga na kupanda ule mlima siku moja si mchezo.

Habari ya leo — wageni! Watafiti kutoka chuo kikuu. Wazazi waliitwa shuleni kwetu kwa sababu kijiji hakina ukumbi. Mkubwa wao anaitwa Daktari Nadhira. Si daktari wa sindano, alisema mwenyewe, na wazee wakacheka kwa nafuu. Zamani alikuwa muuguzi mkunga, kisha akasoma mpaka akawa daktari wa vitabu. Amezaliwa Sumbawanga mjini, baba yake ni Mzee Bashiri mwenye duka la vipuri. Kwa hiyo si mgeni kabisa, ingawa Kifipa chake kinaishia kwenye salamu. Yuko na Kaka Calvin, anayeendesha gari na kujaza majibu kwenye kishikwambi.

Alisema utafiti wao ni wa usawa katika afya. Kwamba haifai mwanamke wa huku juu afe kwa jambo ambalo mjini linatibiwa asubuhi, jioni mtu anarudi kupika. Nilimwaza dada Cornelia.

Watachagua kijiji kimoja kati ya viwili, chetu au kile cha chini kuelekea bondeni. Chenye shida zaidi kitapata mkunga wa kuja kila wiki, na gari la kubeba wajawazito. Ni majaribio, lakini mkunga wa majaribio ni mkunga.

Dada Cornelia amerudi nyumbani kujifungulia kwa Mama. Mume wake, shemeji Alphonce, yuko Kasesya mpakani anapakia malori. Hii ni mimba ya pili. Mtoto wa kwanza hakuishi. Hilo halisemwi nyumbani kwetu.

Ee Mungu, wachague sisi. Shida tunazo. Sijawahi kuomba nikitaja shida kama mtu anayetaja mali!

Jumamosi, 21 Februari

Wamekuja kwetu.

Nilikuwa napepeta ulezi. Mama alipiga magoti, akapiga makofi yale ya taratibu ya kumheshimu mgeni, akatoa kiti cha Baba chenye mgongo. Kaka Calvin naye akajaribu kupiga goti moja, suruali ikanasa tope. Nilijibana nisicheke.

Mama alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Ugali wa ulezi, maharage, mayai ya kukaanga. Mayai! Mwezi huu ambao mahindi bado yako shambani na ghala linatoa mwangwi. Nikaleta jagi na beseni, nikapiga magoti mbele ya Daktari ili anawe.

Akaweka mkono kifuani. Asante sana mama, alisema, sheria ya kazi yetu hairuhusu kula kwa watu tunaowahoji. Kaka Calvin aliyatazama yale mayai kama mtu anayeaga ndugu.

Mama akatabasamu. Akaniambia kwa Kifipa nirudishe maji. Nikarudisha.

Kisha maswali. Kaka Calvin akauliza kama kuna mtu wa nyumba hii, miaka ya karibuni, aliyepata shida kufika kituo cha afya.

"Hapana, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Mama mjamzito je, aliwahi kuchelewa kupata huduma?

"Kwema kabisa."

Barabara wakati wa mvua?

"Inapitika."

Inapitika! Nilimtazama Mama. Hakunitazama. Na muda wote dada Cornelia alikuwa chumba cha ndani, miguu yake imevimba kama magunia, anasikiliza.

Walipoondoka Mama alikaa juu ya kinu akavua kitambaa kichwani. Nikamuuliza kwa nini. Akanishangaa mimi.

"Watu wameondoka na njaa, Angela. Hata mikono hawakunawa. Sasa mtu amesimama mlangoni kwako na njaa yake, umbebeshe na kilio?"

Ndivyo tulivyo. Najua. Mgeni hupewa salamu njema, anakula, anashiba, ndipo anaambiwa nani anaumwa na nani tulimzika. Hata msiba wa ndugu yake mwenyewe anafichwa mpaka anywe maji. Nimelelewa hivyo, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Baba alirudi akakuta mayai. Akala bila kuuliza.

Jumapili, 22 Februari

Baada ya ibada, wanawake kisimani. Kumbe kote ni hivyo hivyo!

Mama Zenon alisema amewaambia wageni mguu wake umepona. Mwenzake akauliza, sasa ulisimamaje? Akasema, sikusimama, niliikalia fimbo wasiione. Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Mwingine akasema wale watoto wa watu walikuwa wamekonda, hasa yule kijana, ungemwelezaje habari za kifafa?

Na mimi nilicheka. Kisha nikahesabu nyumba kichwani na kicheko kikaisha. Kila nyumba, kwema. Kishikwambi chote, kwema.

Jumatano, 25 Februari

Mvua. Jaribio la Baiolojia, nadhani nimefaulu. Miguu ya dada haiingii kwenye kandambili za Baba. Mama anasema labda ni mapacha. Dada anasema kichwa kinamgonga nyuma ya macho. Alisema polepole, kama anayeomba radhi.

Zahanati ni mwendo wa kutwa kwa miguu, kijito cha njiani kikikubali kuvukwa. Wiki hii hakikubali.

Nimechoka kuandika.

Ijumaa, 27 Februari

Nimezungumza na Daktari Nadhira. Mimi! Peke yangu!

Watafiti wanatumia chumba cha maabara ya shule kupanga kazi zao. Nilimkuta bombani anasukutua mdomo bila kumeza. Amefunga Ramadhani. Nikamwambia nasi tumefunga Kwaresima. Akacheka, akasema basi uwanda huu wote wa juu una njaa mwezi huu.

Aliniuliza nataka kuwa nani. Nikasema muuguzi. Halafu maneno yakatoka yenyewe. Nikamwambia: Daktari, kwetu tulikudanganya. Siyo uongo wa ubaya. Hamkunawa.

Nikaeleza yote. Alisikiliza akiwa amekunja uso, mkono ungali bombani, maji yanapotea.

Akasema sheria ile haikutoka hewani. Kuna mahali watafiti walizunguka nyumba kwa nyumba msimu wa njaa kama huu, wakala kuku wa kijiji kizima, wakaondoka, na matokeo hayakurudi kamwe. Tangu hapo wakaapa hawatamla mtu anayewasaidia. Niliona ana haki. Na Mama ana haki. Hapo nikachoka kabisa. Afadhali mmoja wao angekuwa mbaya.

"Na kilichompata dada yako unaweza kuniambia," alisema, "lakini siwezi kukiandika. Wewe ni mtoto wa shule. Nahitaji mzazi aseme, kwa hiari yake."

Nikamwambia hata hivyo, habari za mimba ya kwanza tu. Baiskeli ya Baba. Kijito. Yule mtoto ndani ya kanga.

Hakuandika kitu. Aliniuliza kama nimekula, kisha akakumbuka.

Jumamosi, 28 Februari

Nimemwambia Mama kwamba nimesema.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliendelea kuchambua maharage, mawe huku, maharage huku.

"Umempa mtu kilio kabla ya maji," alisema. "Kilio chenyewe si chako. Ni cha dada yako na mimi. Ulikitoa bombani, kama mtu anayegawa karanga."

Shuleni tumefundishwa kusema kweli. Hakuna aliyetufundisha nani anaruhusiwa kuisema.

Baba alikohoa, akasema mvua hii itaharibu maharage. Huyo ndiye Baba.

Dada Cornelia aliniita ndani. Nilidhani atanigombeza. Akaomba nimkande miguu. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Akauliza yule Daktari ana sauti gani akiwa karibu, mbali na watu. Nikasema ana sauti ya mtu aliyechoka. Akasema, "Afadhali."

Jumanne, 3 Machi

Baba amejaribu kumpeleka dada zahanati. Baiskeli, mimi nikisukuma nyuma, dada amefunikwa nailoni. Tumefika kijitoni. Maji ya kahawia, yanabeba matawi. Dada alipoona yale maji akaanza kutetemeka. Ni hapohapo alipojifungulia yule wa kwanza. Jiwe lilelile.

Tukarudi.

Mama alikuwa amesimama uani, kama aliyejua.

Alhamisi, 5 Machi

Kaka Calvin alinisalimia shuleni kwa furaha. Mambo, Angela! Nikasema shikamoo, sikuwa na moyo wa kujibu poa. Akasema nifurahi, kijiji chetu kiko vizuri sana kuliko cha chini. Wa chini walilalamika mpaka kishikwambi kikaisha chaji! Jumatatu wanapeleka majibu, na mkunga atakwenda kwao.

Nimemuuliza, wa chini waliwapa chakula? Akasema hapana, wale ni mchanganyiko, wengi wavuvi waliohamia kutoka Kipili, wao hawangoji kuulizwa.

Nimelia chooni. Nimenawa uso, nimerudi darasani. Kipindi cha Uraia. Haki na wajibu.

Mchana Daktari Nadhira akanifuata nje. Macho mekundu, hajalala vizuri. Alisema amejadiliana na wenzake chuoni kwa simu, wamemwambia namba ni namba. Nyumba zikitaka kuhojiwa upya, inawezekana, lakini ziseme zenyewe kabla ya Jumatatu. Kisha akachora kwa kiatu kwenye tope.

"Angela, mimi lazima nifungue saumu mahali fulani kila magharibi. Siku zote nafungua ndani ya gari na Calvin, kwa biskuti. Mama yako akinikaribisha Jumamosi, nitakuja na tende zangu na sukari yangu, tule wote. Sitakuja na kishikwambi. Sitamuuliza chochote. Nakuja kula."

Nikauliza, na sheria?

"Sheria inasema tusiwale watu. Haisemi nisifuturu na jirani." Hakuonekana ana uhakika sana. Nilitaka kumwambia kuhusu miguu ya dada, nikakumbuka kilio si changu.

Sasa ni mimi wa kumwambia Mama. Mama ambaye tangu Jumamosi ananiambia "leta", "peleka" na "zima taa" tu.

Ijumaa, 6 Machi

Njia ya Msalaba, kisha nikamwambia tukiwa njiani, kwa sababu njiani Mama hawezi kugeuka akaondoka.

Alitembea muda mrefu. Tulikuwa karibu na nyumbani aliposema, "Aliyefunga hanyimwi maji. Hilo si la Waislamu wala la kwetu. Aje."

Hatua chache mbele: "Futari atapata. Maneno, sijui."

Jumamosi, 7 Machi

Siku ndefu kuliko zote. Naandika kwa vipande.

Asubuhi. Ugomvi wa jogoo! Mama alikwisha kumshika miguu, Baba akasema subiri, Mwislamu hali kuku wa kuchinjwa na sisi. Mama akasimama na jogoo kichwa chini. Nani atachinja? Kijiji kizima hakuna Mwislamu hata mmoja. Baba akasema labda yule kijana Calvin. Nikasema Kaka Calvin ni Mlutheri. Mama karibu alie. Mgeni wa kwanza wa kula, na hakuna nyama! Jogoo akaachiwa, akapanda juu ya paa la jiko na kuwika bila adabu. Ameponea Ramadhani, alisema Baba.

Basi ni ugali wa ulezi, maharage, boga, na uji mwepesi wa kufungulia. Mama ameonja uji kwa mkono wake mara nyingi mno kwa mtu aliyefunga.

Mchana. Dada hajaamka vizuri. Anasema anaona vimulimuli. Mama anasema alale, wageni wakija asisumbuliwe.

Jioni. Wamefika! Gari limeachwa juu barabarani, tope limekula magurudumu nusu. Daktari Nadhira amevaa ushungi wa njano na viatu vya mvua vya mwanamume. Ameleta tende, sukari, na mafuta ya kula. Kaka Calvin amebaki kwenye gari. Amesema yeye yuko kazini, na sheria ni sheria.

Tulikaa tukingoja jua lizame. Mtandao haukuwepo, simu haikusema kitu. Wingu limefunika mlima. Daktari akamuuliza Baba: mzee, limezama? Baba akatoka nje, akatazama muda mrefu kama anayeulizwa na serikali, akarudi akasema, "Limezama. Na kama bado, dhambi ni yangu." Wote tukacheka, hata Mama.

Nikaleta jagi na beseni. Nikapiga magoti.

Akanyoosha mikono yote miwili.

Nilimmwagia maji. Ni maji tu.

Alikula tende, akampa kila mtu moja. Akanywa uji. Akamega ugali, akachovya, akala kama mtu mwenye njaa ya kweli, bila kuchagua. Mama hakula. Alikuwa anamtazama anavyomeza. Kila tonge. Daktari hakuuliza chochote, kama alivyoahidi. Alisifia boga. Akasimulia jinsi mama yake, marehemu, alivyokuwa akipika maandazi ya futari ya mtaa mzima pale mjini. Baba akasema analikumbuka lile duka, aliwahi kununua mnyororo wa baiskeli pale.

Baiskeli. Neno likakaa katikati yetu.

Mama akauliza, "Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Mama akaniashiria nimmwagie tena maji, akanawa yeye mwenyewe, ingawa hakuwa amekula. Akajifuta kwa kanga. Akapiga makofi yale ya taratibu.

"Haya. Sasa karibu, mdogo wangu," alisema. Siyo mgeni. Siyo Daktari. "Nikupe habari za hapa."

Na akaanza. Kwa Kiswahili chake cha polepole, akitafuta neno, mimi nikimsaidia moja moja. Mvua ya mwaka juzi. Uchungu ulioanza mapema. Simulizi ilipofika kijitoni akakwama. Baba alitazama sakafu.

Ndipo pazia la chumba cha ndani likasogezwa. Dada Cornelia. Ameshika ukuta. Mara ya kwanza Daktari anamwona.

"Aliishi kidogo," dada alisema. "Alinishika kidole."

Daktari Nadhira hakuwa anatazama uso wake. Alikuwa anatazama miguu. Akauliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza bei ya nyanya: kichwa kinauma tangu lini? Macho je? Dada akajibu yote. Hakuna kwema hata moja! Hapana, alisema, siyo kwema. Usiku silali. Naona kama vimulimuli.

Daktari akainuka. Ile sauti yake ya uchovu ikapotea. Akasema hiyo si mapacha, hiyo ni presha ya mimba, na haingoji Jumatatu. Lazima hospitali, mjini, sasa hivi. Kijito hakipitiki, watazunguka njia ya juu inayotokea Mollo, kama tope litakubali. Amemwita Kaka Calvin kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Naandika haya jikoni, kwenye moto, wakati Mama anamvalisha dada sweta na Baba anakata majani ya kuweka chini ya magurudumu. Nimefunga kanga, nimeweka uji kwenye chupa. Nimemuuliza Daktari, na kijiji chetu je, kuhusu ule uchaguzi? Amesema mama akitaka, atarudi na karatasi ya ridhaa amsikilize yeye, na Mama Zenon, na wote. Kisha akasema, "Kwanza dada yako." Nimeona aibu. Lakini nimeuliza, na sijutii.

Kaka Calvin ameshuka mbio. Amesimama mlangoni, funguo mkononi, tope mpaka magotini. Mama ametoka ndani, amemwona, akasimama. Dada amemwegemea begani.

"Huyu kijana hajala," Mama amesema. "Njia yote ile, na usiku, na binti yangu nyuma. Angela! Maji!"

Daktari amesema mama, hakuna muda. Mama amesema tonge moja. Anayembeba mwanangu hatoki mlangoni kwangu hajanawa.

Kaka Calvin anamtazama Daktari. Daktari anamtazama Mama. Mvua imeanza tena. Naitwa mara ya pili, jagi liko hapa miguuni pangu —